Bibi wa Ukutani

Niliporudi kutoka Kiomboi, mjukuu wangu hakunikimbilia.

Nilikuwa nimekwenda kumuuguza mdogo wangu aliyepasuliwa tumbo, nikakaa huko mpaka mwezi ukaandama. Njia nzima nilimwona Tunu akilini akichomoka mlangoni pekupeku, anakuja kunigonga magoti kwa kichwa kama mwanambuzi. Nikaingia, nikamkuta amekaa sakafuni anapanga viatu. Akainua uso, akautazama mkoba wangu, akarudi kwenye viatu vyake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Salamu gani hiyo ya karani? Hukunikumbuka hata kidogo, mtoto wewe?"

"Nikukumbuke vipi, na jana ulinitega vitendawili?"

Nikacheka. Watoto wa miaka mitano wana mambo yao.

"Jana nilikuwa Kiomboi, mama yangu, namkanda bibi yako mdogo miguu."

"Ulikuwa hapa," akasema, tena kwa kunihurumia, kama mimi ndiye niliyeanza kusahau. "Ukanitega lile la jitu. Nikashindwa. Nikakupa Mwanza."

Kicheko kikanikauka.

Aliyewahi kutega vitendawili na watoto anajua desturi. Nasema "kitendawili," mtoto anasema "tega." Akishindwa kutegua, namwambia "nipe mji," naye hunipa mji wowote anaoutaka. Hapo nauendea mji ule kwa maneno: nimepokelewa vipi, nimekula nini, nani kanisalimu, na mwishoni ndipo naachia jibu. Tunu alikuwa akishindwa makusudi. Majibu alikuwa nayo, ila alitaka safari. Alishanipa Tabora, akanipa Kigoma, akanipa Bagamoyo, hata miji aliyoisikia redioni asijue iko nchi gani.

Lakini Mwanza hakunipa. Baba yake alikwenda huko kufanya kazi kwenye mashamba ya jua, yale mavioo yanayoelea ziwani. Katika mvua za mwaka jana dhoruba iliyapindua, yeye na wenzake hawakuonekana tena. Tangu hapo Tunu aliuruka mji huo kama mtu anavyoruka dimbwi, nami sikumwomba. Ndivyo tulivyoelewana, yeye na mimi, wala hatukuambizana.

"Na nilipofika Mwanza," nikamuuliza taratibu, "nilikuta nini?"

"Bibi nawe! Si ulimkuta baba." Akaviweka viatu vyeusi pembeni, akavifuta kwa kiganja. "Hivi ndivyo vya kumpokelea. Mvua zikikatika anakuja. Wewe ndiye uliyesema."

*

Tuliishi kwenye kota za Shirika la umeme, pale Singida, chini ya minara ya upepo. Binti yangu Yunisi, mama yake Tunu, ni fundi wa kupanda. Anafungwa kamba kiunoni, anakwea mpaka kule juu panga zinapozungukia, anarekebisha, anashuka. Si kazi ya mtu mwenye usingizi. Zamani fundi mmoja alisinzia huko juu baada ya kukesha na mtoto, na tangu siku ile Shirika likaweka sheria: mtoto wako asipolala, asubuhi hupandi.

Ndipo zikaja zile Mbembezi. Ni kitu kama nusu ya kibuyu, rangi ya maziwa, kinabandikwa ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Kwenye godoro wanafuma nyuzi nyembamba kuliko nywele, zinasikiliza moyo na pumzi. Kibuyu kinatoa mwanga wa joto kama kaa la moto linalozimika, kinaimba, kinasema, na huku kinapima: neno hili limetuliza pumzi, linarudiwa, neno hili limeishtua, linaachwa. Kabla hujamaliza kukunja gauni la mtoto, mtoto amelala.

Yetu ililetwa juma lilelile tulilopata habari za ziwani. Watu wengine huja msibani na mchele, na sukari, na mkeka wa kukalia. Hawa walikuja na kibuyu na bisibisi. Tena hatukuwa hata na msiba wenyewe, maana mwili haukupatikana. Yunisi alisema tungoje. Tukangoja, tukangoja, mpaka kungoja kukawa ndiyo maisha.

Sikukigusa kile kibuyu, sikukitukana. Nilifanya yangu. Kila jioni nilimwosha Tunu miguu kwenye beseni, nikampaka mafuta, nikajilaza naye, tukategana. Kibuyu kikawa kimya pale ukutani, nikadhani kimelala.

Kumbe kinasoma.

*

Jioni ile nilijifanya nimechoka na safari, nikamwacha Yunisi amlaze mtoto. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango. Yunisi alimbusu, akagusa ukuta, akatoka kwenda kukagua kamba zake za kazi.

Mwanga ukaja. Halafu nikajisikia nakohoa.

Ndiyo, mimi. Kile kikohozi changu kidogo cha kusafisha koo kabla ya kuanza, nilikisikia kinatoka ukutani, na mimi nimesimama hapa mdomo nimeufumba.

"Kitendawili!" kikasema kwa sauti yangu.

"Tega!" akaitika Tunu, furaha tele.

"Jitu langu lina mikono mitatu, na halijawahi kushika kitu."

Kitendawili hicho nilikitunga mimi, siku tuliyohamia, tukiitazama minara dirishani. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa nacho.

"Sijui," akasema yule mwongo mdogo.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Nakupa Mwanza."

"Mwanza nilikwenda, nikafika, nikapokelewa. Nikamkuta baba yako amekaa kwenye jiwe kubwa, kavaa lile shati lake la bluu, anakula sato na ugali. Akaniuliza, Tunu wangu anakua? Nikamwambia anakua, anajifunga viatu mwenyewe. Akasema, mwambie mvua zikikatika naja kumchukua tukaogelee. Jibu la kitendawili ni mnara wa upepo. Lala, mama yangu."

Lala, mama yangu. Jina la mama yangu mzazi ndilo alilopewa yule mtoto, ndiyo maana namwita hivyo. Kibuyu hakina mama.

Nilimsikia Tunu anavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba. Kweli akalala. Nikaingia, nikashika kile kitu kwa mikono miwili, nikakivuta. Kikagoma. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta tena mpaka plasta ikabanduka nacho, tukaanguka wote, mimi na kibuyu.

"Mama!" Yunisi alikuja mbio, kamba bado begani. "Mama, unafanya nini?"

"Njoo sebuleni," nikamwambia. "Njoo kabla sijasema maneno ya kumwamsha mtoto."

*

"Ulijua?" nikamuuliza.

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaitazama mikono yake iliyojaa sugu.

"Walisema inajifunza kwa watu wa nyumbani. Nikasema sawa. Ulikuwa umeondoka, mama. Siku ya kwanza alilia mpaka akatapika, anakutaka wewe. Siku ya pili kile kitu kikakohoa kama wewe. Akanyamaza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sikuulizi habari ya sauti yangu. Sauti waichukue, nitaipata nyingine. Nakuuliza habari ya mumeo. Ulijua inamwambia mtoto baba yake yu hai?"

Akaanza kuchuna sugu ya kiganjani.

"Yunisi."

"Nilisikia siku moja," akasema. "Nilikuwa nimesimama hapohapo uliposimama wewe."

"Ukaiacha iendelee!"

"Nikarudi siku iliyofuata kusikiliza tena." Akainua uso, na macho yake, jamani, sikuwahi kuyaona hivyo. "Kavaa shati la bluu. Anakula sato. Unadhani anayeituma Mwanza ni Tunu peke yake? Mama, tangu mvua zile mtoto wangu hajawahi kulala akicheka. Sasa analala akicheka. Mimi napanda mnara mikono haitetemeki. Niache kidogo tu. Mvua zikikatika tutatafuta la kusema."

"Mvua zikikatika atavaa viatu vyeusi, akae mlangoni. Utamwambia nini? Bibi yako mwongo?"

"Bora bibi awe mwongo kuliko baba awe maiti!"

Neno hilo likatushtua wote wawili. Lilikuwa halijawahi kusemwa katika nyumba ile.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpakata vilevile, maana ni mtoto wangu, naye hakuwa na bibi wa ukutani wa kumdanganya yeye. Sikufanya lolote. Nikafagia plasta.

*

Asubuhi walikuwa wameshajua. Kibuyu kikibanduliwa kinapeleka habari chenyewe, na kabla uji haujapoa akafika kijana mmoja wa Shirika, Bwana Msengi, viatu laini visivyotoa mlio hata kwenye kokoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Keti. Uji upo."

"Nashukuru, nimekunywa." Akakigeuza kibuyu, akakipuliza vumbi kama mtu anayempuliza mtoto jicho. "Hakijaharibika sana. Bahati."

"Bahati ya nani?"

Akatabasamu. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. "Mama, naelewa umeshtuka. Wengi wakisikia sauti yao mara ya kwanza hushtuka. Lakini kwa kweli tulitaka kuja kukupongeza. Katika kota zote hizi hakuna sauti inayotuliza pumzi za watoto kama yako. Kile kikohozi! Wataalamu wamekisikiliza, wamestaajabu. Tunaomba ruhusa yako tuiweke kwenye nyumba zote, hapa na kwenye minara ya Njombe. Kuna watoto kule hawana bibi, mama. Fikiria."

Nikafikiria. Sitadanganya, nilifikiria. Nikawaona watoto wa watu, wamelala peke yao kwenye mwanga ule, hakuna wa kuwaosha miguu. Kwa nafasi ya kupiga chafya moja nikaona labda ni jambo jema.

"Na hao wasio na bibi," nikamuuliza, "wakinituma Mwanza, nitawaambia nimekuta nini?"

"Samahani?"

"Aliyefiwa na mama akinituma makaburini. Nitamwambia mama yake anakula sato?"

Akaelewa. Akakiweka kibuyu mezani. "Mama, ile haidanganyi. Kudanganya ni kujua kweli ukasema kinyume. Mbembezi haijui kweli wala uongo. Inajua pumzi. Mtoto alisema mji ule, pumzi yake ikapanda. Mashine ikatafuta maneno ya kuishusha. Ikayapata. Basi."

"Ndiyo unanieleza mimi hivyo? Kwa kujivunia?" Nikasimama, na sufuria la uji mkononi, maskini kijana akadhani nammwagia. "Kitu kisichojua kweli wala uongo mmekipa mdomo wangu! Mtoto huyu tangu azaliwe sijamwambia neno ambalo si kweli. Nikimwambia dawa chungu, ni chungu. Nikimwambia sindano inauma, inauma. Ndiyo maana analala nikimwambia lala! Miaka mitano nimejenga, ninyi mmeingia, mmekula kwa mwezi mmoja, na mnaniletea pongezi!"

"Tunaweza kurekebisha," akasema haraka. "Nikiiwekea tu kizuizi, haitamtaja baba tena. Mtoto akiutaja ule mji itampeleka pengine. Taratibu ataacha kuuliza. Watoto husahau, mama. Baada ya muda hata jina…"

"Malizia."

Yunisi alikuwa ametoka chumbani, kavaa sare ya kupandia, amesimama.

"Hata jina nini?" akauliza.

Bwana Msengi akajikohoza. "Nilikuwa naeleza uwezekano, dada. Uamuzi ni wako, wewe ndiye mzazi. Ila sheria unaijua. Jioni mtoto akilazwa bila Mbembezi, nyuzi za godoro zikituambia hakulala, kesho hupandi. Na yakizidi, zamu yako anapewa mwingine, na kota ni ya mwenye zamu." Akakisogeza kibuyu katikati ya meza. "Nakiacha hapa. Kinajibandika chenyewe, ukikigusisha tu ukutani."

Akaaga vizuri, akaenda zake bila mlio.

Yunisi akakitazama kile kitu muda mrefu. Akakichukua. Nikasema moyoni, basi, amekwisha. Akakivingirisha kwenye kanga yangu, akakitia ndani ya sufuria kubwa la pilau, akafunika, akaweka jiwe la kusagia juu ya mfuniko.

"Simwambii mimi," akasema. "Siwezi. Umeking'oa wewe, mwambie wewe." Akaenda kazini.

*

Jioni nikamwosha Tunu miguu. Nikampaka mafuta. Alitazama pale ukutani palipobaki shimo.

"Kibembezi kiko wapi?"

"Nimekitoa."

"Kwa hiyo utanitega wewe wa huku?"

Wewe wa huku! Mnaona walichonifanyia? Nimekuwa wa upande mmoja katika nyumba yangu mwenyewe.

Nikajilaza. Mvua ya kwanza ya jioni ilikuwa imepita, upepo unavuma, panga za minara zinakata hewa huu, huu, huu. Nikaanza, "Kitendawili."

"Nakupa Mwanza," akasema. Hakungoja hata nitege.

Nawaambieni, ilikuwa rahisi. Maneno yalikuwa mdomoni yameshapikwa: jiwe, sato, shati la bluu. Ningeyasema, angecheka, angelala, mama yake angepanda kesho. Nikaelewa kwa nini kile kibuyu kilifanya kilichofanya. Mtoto anakutazama hivi, na wewe una neno la kumfurahisha. Kumnyima kunataka kitu ambacho hawajakifuma kwenye nyuzi zile.

"Mwanza nilikwenda," nikasema. "Kweli nilikwenda, Tunu, kwa miguu hii unayoiona, mimi na mama yako, mwaka jana. Tukafika ziwani. Tukakuta vioo vya jua vimevunjika, vimetupwa ufukweni. Watu wanavikusanya. Nikawauliza, baba Tunu yuko wapi? Wakanyamaza. Mama yako akavua viatu, akaingia majini na nguo zake mpaka kiunoni, akamwita."

"Akaitika."

"Hakuitika, mama yangu."

"Ukamkuta kwenye jiwe."

"Sikumkuta. Baba yako amekufa. Ziwa limemchukua. Hatakuja mvua zikikatika."

Akaketi. Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayeniuzia nyama iliyolala.

"Ulisema yupo."

"Siyo mimi niliyesema."

"Ilikuwa sauti yako!"

"Ilikuwa sauti yangu. Waliichukua. Maneno hayakuwa yangu."

Akanipiga ngumi kifuani. Akapiga tena. Nikaiacha mikono yangu chini. "Namtaka bibi wa ukutani! Wewe mbaya! Yule anamjua baba! Mrudishe yule!" Alilia hivyo, kilio kikubwa kuliko mwili wake, na mimi kila neno nililipokea, maana mengine yalinistahili mimi, na yaliyobaki yalikuwa ya Shirika, nikawawekea.

Pazia likafunguka. Yunisi alikuwa amerudi, grisi mashavuni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Tunu akamgeukia kama mtu anayekimbilia kwa hakimu.

"Mama, bibi anasema uliingia majini!"

Yunisi akanitazama. Nilimwona anaitafuta njia ya kutokea, na njia ilikuwepo, neno moja tu.

"Niliingia," akasema.

"Na nguo?"

"Na nguo."

"Yalikuwa ya baridi?"

"Ya baridi sana." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Yananuka dizeli. Chini kuna matope, yalinivuta mguu. Watu wananiambia toka, dada, toka, mimi sitaki."

"Ulimwitaje?"

Kwenye meza sebuleni simu yake ikalia ule mlio wa Shirika, mfupi, wa kumwambia mtu kesho asipande. Yunisi hakugeuka. Akavuta pumzi mpaka mabega yakainuka, akaita jina la mumewe, siyo baba Tunu, jina lake lenyewe, "Nkundi!", kama alivyoliita kule ziwani, na lile jina lililokuwa limefungiwa katika nyumba ile mwaka mzima likapiga kuta likarudi.

Tunu akalisikiliza likirudi. Halafu naye akaita. Sauti yake nyembamba ilikatika katikati, akairudia. Mimi nikafungua dirisha, upepo ukaingia, nikaita pamoja nao mkwe wangu, kijana aliyekuwa ananibebea maji bila kuagizwa. Tuliita hivyo mpaka taa za kota zikaanza kuwaka moja moja, na mama wa nyumba ya pili akaja mlangoni, kajifunga kanga juu ya nguo ya kulalia, mtoto wake mgongoni, naye pia yu macho.

"Bibi Tunu, kuna nini huku?"

"Tuna msiba, mwanangu," nikamwambia. "Ingia ukae."